Sahani ya Mama



Nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa Kadutu hapa mjini Bukavu, kulikuwa na desturi ambayo hatukuwahi kuihoji. Jioni, chakula kilipoiva, Mama alimpakulia Baba kwanza, halafu mgeni kama yupo, halafu sisi watoto watatu. Yeye alibaki ameketi karibu na mbabula, akikwangua sufuria kwa kijiko. Tulipomwuliza mbona hali pamoja nasi, alijibu: "Kuleni, wanangu. Nimeonja nilipokuwa nikipika, nimeshiba." Tulimwamini kwa miaka mingi. Ni rahisi kumwamini mtu anayekuambia neno linalokufaa.

Kiangazi cha mwaka 2025 ndicho kilichotufumbua macho. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni Mama alianguka akiwa amebeba ndoo ya maji. Hakuwa na homa. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi akamwuliza: "Mama, jana ulikula nini?" Mama akanyamaza. "Na juzi?" Akatazama chini. Sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni tulilijua jibu kabla hajalitoa, tukaona haya. Tulikuwa tumekula shibe yake.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya vikundi vya vijana. Hatutaki mtuonee huruma, kwa maana tunajua kwamba nyumba nyingi mnamotoka zimepita njia hiyohiyo. Tunataka kuwashirikisha mambo tuliyojifunza jikoni tangu siku ile, tulipoanza kupika wenyewe kwa vitu vichache vya akiba na mboga za nyuma ya nyumba.

Kwanza tukumbushane jinsi mji wetu unavyokula. Bukavu umejengwa juu ya ncha za nchi kavu zinazoingia katika Ziwa Kivu, na milima yake imejaa nyumba. Mashamba ni machache. Maharagwe, mihogo na viazi hutoka Kabare, Walungu na Kalehe. Mananasi ya Idjwi hufika kwa mitumbwi na meli. Mchele na mafuta ya mawese hupanda kutoka bonde la Ruzizi na upande wa Uvira. Barabara ikifungwa, chungu cha mji huanza kulia. Sasa, vita vilipoingia mjini mwetu mwezi wa Februari 2025, ulikuwa ndio wakati ambao wakulima hupanda mazao ya kuvunwa mwezi wa Juni. Wengi waliyaacha mashamba yao wakakimbia. Siku hizohizo benki zilifunga milango, na Baba yetu ni mwalimu ambaye mshahara wake hupitia benki. Chakula kilipungua sokoni, na fedha zikapungua mfukoni. Mama akauziba upungufu huo wote kwa tumbo lake, bila kumwambia mtu.

Jioni ya siku ile ya kituo cha afya tuliketi na Baba. Tulimwomba mambo mawili. La kwanza, sisi watatu tupike kwa zamu, mvulana sawa na wasichana. La pili, sahani ya Mama ipakuliwe kabla ya nyingine zote. Baba hakujibu upesi. Alikuwa amelelewa katika desturi ileile, na hakuna aliyewahi kumwonyesha gharama yake. Mwishowe alisema: "Ipakuliwe ya kwanza. Nami nitaiona kwa macho yangu kabla sijanawa mikono." Tangu hapo neno hilo limekuwa sheria ya nyumba.

Kisha tulifungua sanduku la akiba na kuandika kilichomo, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Kulikuwa na nusu debe la unga wa muhogo, unga kidogo wa mahindi, maharagwe makopo sita kwa kopo tupu la maziwa tunalopimia, chupa moja ya mawese, chumvi, vitunguu, na mfuko mdogo wa sambaza zilizokaushwa. Ukutani kilining'inia kibuyu cha mbegu za maharagwe, zawadi ya bibi yetu mzaa mama, kikingoja mvua za Septemba. Bibi mwenyewe alishuka kutoka Kabare juma lile kumwuguza binti yake, akatukuta tukibishana juu ya daftari. Akacheka. Kisha akawa mwalimu wetu.

Somo lake la kwanza lilitushangaza. Alisema: "Ninyi mnahesabu maharagwe. Anzeni kuhesabu moto." Ni kweli kwamba maharagwe makavu yakiwekwa jikoni bila maandalizi huweza kumeza makala ya saa tatu au nne, na makala siku hizi ni mzigo mkubwa wa nyumba maskini. Tena kila gunia la makala ni miti iliyoanguka mahali fulani. Wote tunajua habari za misitu ya Kahuzi-Biega, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1970 na kuandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1980, na jinsi inavyoliwa na shoka. Anayeokoa makala jikoni anasaidia, kwa kadiri yake ndogo, kuuokoa mti mlimani.

Basi tulijifunza hivi. Maharagwe huchaguliwa na kulowekwa jioni. Asubuhi yale maji humwagwa bustanini, maharagwe husuuzwa, na kuwekwa jikoni kwa maji mapya. Yakishatokota kwa nguvu muda wa nusu saa, sufuria hufunikwa vizuri na kuingizwa katika kikapu kikubwa kilichotandikwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, kisha hufunikwa juu kwa mto wa matambara. Humo maharagwe huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe, bila kaa hata moja, huku sisi tukienda shule. Tukirudi tunayachemsha tena kidogo, tunatia chumvi, kitunguu na nyanya, na chakula ki tayari. Zingatieni jambo moja: maharagwe mekundu yana sumu ambayo huondolewa na mtokoto mkali tu, kwa hiyo msiyaweke katika kikapu kabla hayajatokota barabara. Wala hii si njia ya watu wa Kabare peke yao. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia zilihimizwa kupika katika sanduku lililojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa na gesi. Kwetu sisi, makala yaliyokuwa yakitosha siku nne yalianza kutosha siku sita.

Somo la pili lilihusu chakula kinachoitana na chakula kingine. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini una wanga mwingi na kiasi kidogo sana cha vitu vya kuujenga mwili. Anayekula bugali mtupu siku zote amejaza tumbo na kuuacha mwili na njaa. Mahindi na maharagwe hukamilishana: upungufu wa moja hufidiwa na jingine. Kwa hiyo tulichanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na hatukuruhusu siku ipite bila maharagwe, hata kama ni kijiko kimoja kimoja kwa kila mtu. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharagwe na mboga huingia mwilini vema zaidi yakiliwa pamoja na nyanya mbichi au tone la limau, na chai inayonywewa papo hapo na chakula huyazuia. Tukaisogeza chai yetu hadi baadaye. Badiliko hilo halikugharimu hata faranga moja.

Somo la tatu lilikuwa bustani. Nyuma ya nyumba tuna ukanda mwembamba wa udongo, upana wa mikeka miwili, nao umeinama kama paa. Huko tulikuwa tukitupa taka. Tuliufanyia ngazi tatu kwa mawe ili udongo usiteremke, na mahali pasipo udongo tuliweka magunia yaliyojazwa udongo na samadi. Tukapanda lengalenga, vitunguu, nyanya, na mashina matatu ya maboga yanayotambaa juu ya ua. Kiangazi hapa kwetu huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi mvua za Septemba. Vumbi hujaa angani, mabomba hukauka kwa siku kadhaa, na maji huwa ya kubeba kichwani. Kwa hiyo maji ya kuosha mboga, maji ya kulowekea maharagwe na maji ya kunawia uso yote yalikwenda bustanini. Tulimwagilia jioni, shinani, kisha tukafunika udongo kwa majani makavu ili jua lisiyanyang'anye maji hayo.

Baada ya mwezi mmoja lengalenga zilikuwa tayari. Bibi alitukataza kuzing'oa. Ukikata ncha, shina huchipua matawi, na mche mmoja hulisha nyumba mara nyingi. Maboga nayo ni rafiki wa kweli: majani machanga ni mboga, maua ni mboga, boga lenyewe huchemshwa, na mbegu zake hukaangwa na kusagwa ziwe kiungo. Majani machanga ya maharagwe huliwa pia, mradi usiuvue mche nguo zote. Nyanya zilipoiva kwa wingi katika majuma mawili, tulizikata vipande na kuzianika juani juu ya ungo, chini ya kitambaa chepesi, zikawa akiba ya miezi ya mvua. Jua la kiangazi, tulilokuwa tukililaumu kwa kutukaushia maji, likageuka kuwa mtumishi wetu. Na mboga za majani hatukuziogesha tena katika maji mengi na kuyamwaga. Tulizipika kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, na mwishoni kijiko cha mawese. Wekundu wa mawese ni alama ya kitu kinacholinda macho.

Sambaza tulizitendea kwa heshima. Tulizisaga kinuni nzima nzima, kichwa na mifupa, zikawa unga. Kijiko kimoja cha unga huo katika sombe huifanya nyumba yote inukie kama siku ya sikukuu. Kuna jambo kuhusu samaki huyu ambalo vijana wengi hawalijui. Hakuzaliwa katika Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakubaliwa na maji yetu, na leo ndiye anayewalisha wavuvi wanaotoka usiku na taa zao huku wakiimba. Tulipofuatilia zaidi tuligundua kwamba karibu kila kitu katika chungu chetu kilifika kama mgeni. Muhogo, mahindi, maharagwe, nyanya na maboga, vyote asili yake ni bara la Amerika. Babu zetu walivipokea, wakavipa majina, na leo tunaviita vyakula vya kwetu. Jikoni mwetu wageni wamekuwa wenyeji, nasi tunaishi kwa sababu yao.

Lakini msidhani kwamba tulifaulu kila siku. Yapo makosa tuliyotenda, na moja tutalieleza wazi ili lisirudiwe katika nyumba zenu.

Mwezi wa Julai unga ulipokaribia kwisha, mmoja wetu alipata mihogo mibichi kwa bei ya chini sana. Ilikuwa mihogo michungu. Desturi inajulikana: humenywa, hulowekwa siku tatu au zaidi hadi ilainike, huanikwa ikauke kabisa, ndipo husagwa. Sisi tulikuwa na njaa, nasi tulijiona werevu. Tuliiloweka usiku mmoja tu, tukaikatakata na kuianika juani, na kesho yake jioni tukapika. Usiku ule mdogo wetu alishikwa na kizunguzungu na kichwa kumwuma, akatapika mpaka alfajiri. Bibi alipoonja unga wetu alitema, akachukua wote uliobaki na kuumwaga shimoni. Tulilia kuona chakula kinamwagwa. Yeye hakulia. Alisema: "Sumu haigeuki kuwa chakula kwa sababu una njaa."

Baadaye Baba alitueleza kwamba nchi yetu inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa ulioonekana huko Kwango, upande wa magharibi ya nchi, ambao wenyeji waliuita konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mwanamke, anapooza miguu ghafula, na hali hiyo haiponi. Wataalamu waliofuata walionyesha kwamba chanzo chake ni sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vema, hasa pale ambapo watu hawali maharagwe wala samaki wa kuusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Na ni lini watu hupunguza siku za kuloweka? Ni wakati wa njaa, wa vita, wa haraka ya kuuza au kula. Kwa hiyo wale mabibi waliokuwa wakingoja siku tatu au nne hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wameyabeba maarifa ya kuokoa miguu ya watoto wao. Ni hivyo pia kwa sombe: kutwanga barabara na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika mwanzoni ni njia ya kuiondoa sumu, na makala yanayotumika hapo hayapotei bure. Kubana matumizi kunapofika mahali pa kuhatarisha uhai, kumeacha kuwa hekima.

Sasa tuje kwenye kibuyu.

Mwishoni mwa Agosti sanduku letu lilikuwa karibu tupu. Maharagwe ya kula yalikwisha siku ya Jumanne. Siku ya Alhamisi jioni tuliketi jikoni na unga, chumvi na boga moja, na macho yetu sisi sote watatu yakapanda ukutani. Ndani ya kibuyu mlikuwa na mbegu za kutosha milo miwili. Mkubwa wetu alikishusha akakitikisa, na sauti ya maharagwe makavu ilisikika kama mvua juu ya mabati. Tulibishana. Mmoja alisema kwamba Septemba i mbali na tumbo li karibu. Mwingine alisema kwamba akila mbegu leo atakula nini Januari. Tulimwendea Mama, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepata nguvu, tukamwomba aamue. Akasema: "Ninyi ndio wapishi." Akarudi kwenye kazi yake.

Hatukuzipika. Tulikula boga na majani yake usiku ule, na kesho yake matembele tuliyopewa katika Shirika letu. Tulijiona mashujaa. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado haujaja.

Juma lililofuata, jirani yetu mjane alibisha hodi. Alikuwa amekimbilia mtaani kwetu mwezi wa Februari pamoja na watoto wake, akipanga chumba kimoja. Sasa alitaka kurudi shambani kwake kabla ya mvua. Hakuomba chakula. Aliomba mbegu. Alisema kwamba ghala lake lilichukuliwa lote, na kwamba akifika kijijini mikono mitupu, kurudi kwake hakutakuwa na maana.

Ndugu zetu, tunawaambia ukweli: ilikuwa rahisi kuyakatalia matumbo yetu kuliko kufungua kibuyu kile. Tulikuwa tumezilinda mbegu zile dhidi ya njaa yetu wenyewe, na kwa kuzilinda tulianza kuziabudu. Tulitafuta maneno mazuri ya kumjibu. Tulisema kwamba ni za Bibi, kwamba ni chache, kwamba tungeulizia kwa wengine. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, kimya. Ndipo mdogo wetu, yule aliyetapika usiku kucha, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Na yeye akianza kutopata chakula, atasema pia kwamba ameshiba?"

Tulimgawia nusu.

Bibi aliposikia hakutusifu. Alisema kwamba desturi ni kila nyumba kutoa konzi moja, ili mtoaji asibaki mtupu, na kwamba tungepaswa kwenda na yule mama kwa majirani wengine. Alikuwa na haki, na siku ileile tulifanya hivyo. Nyumba tano zilitoa konzi moja moja: za maharagwe mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa. Jioni Bibi alitueleza juu ya mwaka 1994, wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda kwa maelfu, na jinsi nyumba za hapa zilivyoongeza maji katika chungu na kukaa pamoja na wageni wasiowajua. Akataja pia jina la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996, ambaye hakutaka kulikimbia kundi lake. Hakutuhubiria. Alisimulia, akaenda kulala.

Tangu siku ile tumetafakari sana tofauti kati ya kubana matumizi na ubahili, kwa sababu kwa nje mambo hayo mawili hufanana. Mbahili na mwangalifu wote wawili hupima unga kwa kopo, wote wawili hukwangua sufuria, wote wawili hukataza kumwaga. Yatofautiana katika swali la nani anayenufaika. Mbahili huokoa ili abaki navyo. Mwangalifu huokoa ili pawepo kitu mkono unapobisha mlangoni. Injili inatusimulia kwamba Bwana, baada ya kuushibisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili, aliagiza makombo yakusanywe kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kuongeza mikate kama apendavyo hakuidharau hata mabaki yake. Na mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, alimpikia kwanza mgeni aliyemwomba. Katika habari hizo mbili uangalifu na ukarimu vimeketi meza moja.

Lakini tumejifunza jambo jingine, na hili ndilo tunalotaka mlibebe hasa. Kubana matumizi kwa nyumba nzima hakuwezi kuwa mzigo wa mtu mmoja. Katika familia zetu tunawasifu akina mama kwa kuimba na kwa hotuba, hasa siku za sherehe, kwa jinsi wanavyojinyima. Mara nyingi sifa hizo hutusaidia tusiwaulize kama wamekula. Sadaka ni kitu kitakatifu mtu anapoitoa kwa hiari na wengine wakaijua na kuishiriki. Lakini njaa ya siri ya mtu mmoja, iliyozoeleka mpaka ikawa desturi, huweza kuwa dhambi yetu sisi tulioketi tukila. Hatukumnyang'anya Mama chakula chake. Tuliacha tu kumtazama.

Mwezi wa Oktoba tuliwaonyesha wenzetu wa Shirika jinsi ya kutengeneza kile kikapu cha kuivishia maharagwe. Walikuja wavulana wanane na wasichana sita. Mwanzoni wavulana walicheka kumwona mkubwa wetu akisonga bugali. Walipoonja waliacha kucheka. Wengine wameanza kupanda lengalenga katika magunia. Ni mambo madogo. Hayatafungua barabara wala kurudisha amani katika nchi. Hata hivyo mtu anayejua kwamba chungu chake kina kitu kwa ajili ya kesho huzungumza leo kwa utulivu zaidi, wala hanunuliki kwa bei rahisi.

Tunaandika haya mwanzoni mwa Majilio. Maharagwe ya Septemba bado hayajakauka mashambani. Yale tuliyopanda kwa Bibi yametoa maganda, na mvua imekuwa nzuri. Kuhusu yule jirani, hatujapata habari zake tangu aondoke na vile vifurushi sita vya rangi mbalimbali vilivyofungwa katika kitambaa. Tunamwombea kila jioni, kabla ya chakula. Halafu mpishi wa zamu hupakua sahani ya kwanza, Mama huipokea, na sote tunangoja mpaka aanze kula.

Kwa mazungumzo katika vikundi vyenu:

1. Nyumbani kwetu, nani hula mwisho? Je, tumewahi kumwuliza kama ameshiba, na kungoja jibu la kweli?

2. Katika kazi za jikoni na za bustani, wavulana wana sehemu gani, na ni nini kinachowazuia kuongeza?

3. Ni maarifa gani ya mabibi zetu kuhusu chakula tunayoyadharau kwa sababu yanahitaji kungoja?

4. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba gani ndogo ya mbegu, konzi moja kwa kila nyumba, kwa ajili ya wanaorudi mashambani bila kitu?